Vipande Alivyokata Mama Gundi

Mama Gundi alikuwa na jicho moja linalofanya kazi, na hilo moja nalo lilikuwa limeanza kufunga duka. La kushoto lilikufa miaka mingi nyuma, baada ya operesheni ambayo daktari wa wakati huo aliiita ndogo, ya kwenda na kurudi. Alikwenda, akarudi, jicho halikurudi. Sasa la kulia lilikuwa limeota mtoto wa jicho, ukungu mweupe ulionenepa kila msimu, na daktari mwingine, msichana wa juzi tu mwenye sauti ya upole, alikuwa amemwambia maneno yaleyale: Mama, ni operesheni ndogo.

"Ndogo kwa nani?" Mama Gundi alimuuliza.

Daktari akacheka, kisha akaona anacheka peke yake, akaacha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na hakuna aliyemficha. Akipasuliwa na mambo yakaenda sawa, ataona. Asipopasuliwa, muda si mrefu atakuwa kipofu. Akipasuliwa na mambo yakaenda kama yalivyokwenda upande wa kushoto, atakuwa kipofu siku hiyohiyo. Mtu yeyote angesita hapo. Lakini Mama Gundi hakuwa mtu yeyote, au ndivyo alivyotaka ijulikane, kwa hiyo hakusita. Alikuwa na shughuli tu. Siku ya miadi ya kwanza alikuwa na mafua. Siku ya pili mvua ilinyesha, mvua yenyewe ya kulowesha vumbi. Safari iliyofuata alisema hawezi kumwacha mumewe peke yake nyumbani, na mume alikuwa mtu mzima mwenye meno yake na akili zake, aliyeweza kujipikia chai bila kuunguza nyumba.

"Unaogopa," mume alimwambia siku hiyo. Alikuwa mshonaji nguo, na alisema maneno hayo bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Mimi? Niogope nini?"

"Kisu."

"Anayeogopa visu ni wewe. Wewe unaogopa hata sindano yako mwenyewe."

"Naiogopa, ndiyo," mshonaji akasema, huku akipitisha uzi. "Imeshanichoma mara ngapi? Nisipoiogopa nitakuwa mjinga."

Ndivyo alivyokuwa yule mzee. Aliogopa mende, radi, mbwa wa jirani, na kupanda ngazi kubadilisha taa, na hakuona haya kutangaza. Mende akipita ukutani, mzee yuko juu ya kiti, anaita. Mama Gundi ndiye aliyekuja na kandambili kumaliza kesi. Aliolewa naye akidhani ataacha. Hakuacha, na kusema kweli mama wa watu alikuwa ameshamzoea, ila moyoni alijihesabia kwamba katika nyumba ile mwenye roho ngumu ni mmoja.

Roho hiyo ngumu alijifunza kwa mtu wa treni. Na mtu wa treni, msicheke, alikuwa mtu wa filamu.

Mama Gundi alipokuwa binti aliajiriwa kwenye ghala la filamu. Zama hizo filamu haikuwa kitu cha kubofya kwa kidole. Ilikuwa mkanda mrefu uliovingirishwa kwenye magurudumu ya bati, filamu moja magurudumu kadhaa, mizigo ya kumvunja mtu mgongo. Ghala lilizituma kwenye sinema za miji mikubwa, kisha za miji midogo, kisha za vitongoji ambavyo hata ramani ilivisahau, na kila ziliporudi zilirudi zimechoka. Zilirudi na mchanga, na mafuta ya mashine, safari nyingine na mguu wa mende umenasa kwenye uso wa mrembo. Hapo ndipo akina dada walipoingia kazini. Walikaa kwenye meza za kioo zenye taa chini yake, wakazungusha mpini kwa mkono wa kulia, na kuupitisha mkanda kati ya vidole vya mkono wa kushoto. Kidole kikikwaruzwa, simama: hapo pana mpasuko. Kata palipochanika, futa, paka gundi, unga, bana, hesabu pumzi, endelea. Waliajiriwa wanawake kwa sababu, mkuu wa ghala alisema, vidole vyao ni vyepesi. Kwa vyovyote mishahara yao ilikuwa myepesi zaidi.

Gundi ile ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi na kumwagiwa dawa ya hospitali. Iliingia kwenye nywele, kwenye nguo, kwenye mkate wa saa nne. Ukioga inakusubiri kwenye taulo. Ndilo lililompa jina: kwanza Dada Gundi, na alipozaa, Mama Gundi, na leo hata mkuu wa posta hamjui kwa jina jingine.

Sasa kuna jambo watu hawakulielewa kuhusu kazi hiyo. Waliona bahati iliyoje, kushinda na filamu kutwa nzima. Filamu gani? Mama Gundi aliziona zimelala mezani, picha ndogondogo zimepangana moja chini ya nyingine, hakuna hata moja inayokwenda. Alizijua kama mtu anayezijua nguo kwa upande wa ndani, kwenye mishono. Kwenda sinema hakwenda. Kutwa nzima umeshika miguu ya waigizaji, halafu jioni ukalipe kuitazama? Nyumbani kulikuwa na mtoto wa kuogeshwa na mume wa kuokolewa na mende.

Mama mmoja wa makamo aliyemfundisha kazi alimpa sheria, na sheria hiyo aliishika mpaka ghala lilipofungwa. Ikibidi kukata kipande kikubwa, usikate mahali mtu anaposema jambo la maana, wala mahali anapopigwa risasi, wala mahali pa busu, hasa pa busu, watu watavunja viti. Kata mahali picha zinapofanana. Ukiona picha ile, na chini yake picha ile, na chini yake ile tena, ujue hapo hakuna kinachotokea. Toa hapo. Hakuna atakayejua.

Filamu ya treni ilikuwa ya zamani hata wakati huo, nyeusi na nyeupe. Treni imesimamishwa juu ya daraja. Chini ya daraja kuna mtaa mzima wa watu. Chini ya kiti kwenye behewa la mwisho kuna bomu lenye saa, na abiria wote wameshushwa, na anabaki mtu mmoja mfupi mwenye kofia, kazi yake kutegua mabomu. Basi. Hiyo ndiyo filamu. Watu waliipenda kufa. Ilizunguka miji na miaka, ikirudi ghalani imechakaa zaidi kila safari, na Mama Gundi ndiye aliyekuwa akiitibu, kwa sababu mkuu alisema mikono yake imeshaizoea. Kila jioni ya filamu hiyo watu walitoka sinema wakibishana mtu yule alikata waya gani. Wengine waliapa ni nyekundu. Wengine walikula yamini ni ya buluu. Na filamu yenyewe, nawakumbusha, nyeusi na nyeupe.

Mama Gundi hakuwa na habari na rangi ya waya. Alichokipenda ni mkono. Kwenye meza yake aliona mkono wa yule mtu ukishuka na koleo, umetulia kabisa, picha kwa picha, na mara moja mtu ameketi kwenye ngazi ya behewa anafuta uso kwa leso. Hakusita. Hakuangalia nyuma. Alishuka, akakata, akaenda kujifuta jasho kama fundi aliyemaliza kuziba bomba. Dada wa watu, aliyelelewa kwa vitisho na kupigiwa kelele, aliutazama mkono ule akasema moyoni: hivi ndivyo mtu anavyotakiwa kuwa.

Na hivyo ndivyo alivyomlea binti yake. Binti akichomwa mwiba: mtu wa treni alilia? Akipelekwa kuchomwa sindano: mtu wa treni alikunja uso? Jikaze, mwanangu, jikaze kisabuni. Yule mtoto alimjua mtu wa treni kabla hajajua herufi. Leo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mkavu wa uso, anayeweza kunyamazisha darasa kwa kuvua miwani, na wazazi wa wanafunzi walimwogopa kuliko wanafunzi wenyewe. Hata nyumbani walimwita Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyekuja na habari. Daktari alikuwa amempigia simu. Mtoto wa jicho anazidi kuwa mgumu, alisema, na akiachwa akomae zaidi operesheni haitakuwa ndogo tena kwa maana yoyote ile. Ni Alhamisi hii.

"Alhamisi hii sina nafasi," Mama Gundi akasema.

Mwalimu hakubishana. Jumapili mchana alirudi na kompyuta yake ndogo ya shuleni, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, akafunga mapazia.

"Nimekuletea mtu wako," alisema. "Wamempata mzima, kwenye ghala la nchi nyingine huko, wakamsafisha. Ameingizwa mtandaoni. Nimeona ukimtazama tena utapata moyo wa kwenda."

Mama Gundi alitaka kukasirika, maana alijua anavutwa kwa kamba, lakini tamaa ilimshinda. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu yule akitembea. Alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akageuza kichwa upande ili jicho la kulia lifanye kazi yake. Mumewe alikaa nyuma, mikono tayari usoni.

"Wewe umeshaiona sinema," mkewe akamwambia. "Unaficha nini?"

"Niliiona. Ndiyo maana najificha."

Filamu ikaanza. Treni ikaingia darajani, abiria wakashuka na mabegi yao, mwanamke mmoja akarudi kuchukua kikapu na gadi wa treni, yule wa bendera na filimbi, akamvuta mkono. Mama Gundi aliona vivuli zaidi ya watu, lakini pale ukungu ulipomficha kitu alikijua, na alikuwa akiwatangulia. Sasa anavua koti. Sasa analala chali. Sasa anatoa koleo. Aliielewa filamu kwa vidole. Juu ya meza vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikijisugua.

"Hapa ndipo mwisho wa gurudumu la nne," akasema. "Mtazame sasa, Mwalimu. Anashusha mkono, kwisha habari."

Mkono ukashuka na koleo. Habari haikwisha.

Mkono ulibaki pale, karibu na waya, na koleo likaanza kucheza. Mama Gundi akarudisha kichwa nyuma.

"Hii kompyuta yako inatikisika."

"Haitikisiki, Mama."

"Basi ni jicho langu."

"Si jicho lako. Ni mkono wake. Anatetemeka."

Kwenye filamu hakuna aliyesema kitu. Ilisikika saa ya bomu tu, tiki, tiki. Mtu wa treni alitetemeka mpaka koleo likagonga kiti. Akaliweka chini. Akashika mkono mmoja kwa mwingine, na yote miwili ikatetemeka pamoja. Akainamisha kichwa, kofia ikafunika uso, na mabega yakawa yanapanda na kushuka, na hata mtu mwenye jicho moja lenye ukungu angejua mabega hayo yanafanya nini. Nje, mwishoni mwa daraja, gadi angeweza kukimbia kama wengine. Hakukimbia. Alikaa juu ya reli, akamtazama mwenzake kupitia dirisha, basi, akakaa. Ilikuwa ndefu, hiyo sehemu. Ilikuwa ndefu mno. Kisha yule mtu akaokota koleo, mkono ukiwa bado unatetemeka vilevile, haujapona hata kidogo, akalisukuma kwenye waya, akakata.

Ndipo akaonekana kwenye ngazi ya behewa, anafuta uso kwa leso. Wala halikuwa jasho.

"Rudisha," Mama Gundi akasema.

Mwalimu akarudisha. Mkono ukashuka tena, ukatetemeka tena.

"Simamisha hapo."

Akasimamisha. Picha ikakaa kimya. Mkono, koleo, waya, kila kitu kimetulia.

"Endesha."

Ukatetemeka.

"Simamisha."

Ukatulia.

Mama Gundi alikaa akiutazama mkono uliotulia, na taratibu akaelewa alichokifanya. Ncha za gurudumu ndizo huumia kwanza. Ndizo zinazoshikwa, ndizo zinazoburuzwa sakafuni, ndizo wanazotoboa waendesha mashine wa sinema ili wajue wakati wa kuwasha mashine ya pili, yenye gurudumu linalofuata. Mwisho wa gurudumu la nne na mwanzo wa la tano vilirudi kwake vimechanika kila safari. Naye alikaa na mkasi wake na sheria yake, akaangalia wapi atoe. Akaona mkono, na chini yake mkono uleule, na chini yake uleule. Mtu ameinamisha kichwa, ameinamisha, ameinamisha. Gadi amekaa juu ya reli, amekaa, amekaa. Hapa hakuna kinachotokea, alisema. Kutetemeka hakuonekani mezani. Kwenye picha moja moja mkono wowote umetulia.

"Nilimkata mimi," akasema.

"Nani?" mumewe akauliza kutoka nyuma ya vidole.

"Huyu. Woga wake wote niliukata mimi, kidogo kidogo, nikautupa kwenye ndoo. Wakabaki wanaona mkono unashuka na mtu anafuta uso."

Mshonaji akashusha mikono usoni.

"Ndiyo maana," akasema. "Mimi nilipomwona sinema nilijiambia huyu ana kasoro. Bomu liko puani na mtu hata kope hapigi. Nikasema huyu si mzima. Sasa namwona ni mtu wangu kabisa."

Siku nyingine mkewe angemtolea uvivu. Lakini sasa masikio yake yalikuwa kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa amevua miwani na kuisafisha, na kuisafisha.

"Siku niliyotoka hospitali mikono mitupu," Mwalimu akasema, "ulikuja ukakaa kitandani kwangu. Unakumbuka?"

Mama Gundi alikumbuka. Mjukuu wake alizaliwa bila kulia wala kupumua, miaka kadhaa nyuma. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na binti yake alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Uliniambia habari za huyu. Ukaniambia nijikaze." Sauti yake haikuwa na hasira, alisema kama mtu anayeita majina ya wanafunzi asubuhi. "Nikajikaza. Hata kazini nilirudi mapema. Watu walinisifu sana."

Mama Gundi akafungua mdomo. Kulikuwa na neno alilotaka kulisema, na kadiri alivyolisukuma ndivyo lilivyokataa. Lililotoka ni jingine.

"Mwanangu, mimi naogopa," akasema. "Tangu siku ile daktari aliponiambia. Sina mafua, sina mvua, sina shughuli. Naogopa. Nikifumba macho naona ndivyo itakavyokuwa, nayafumbua haraka. Nisipowaona ninyi nitakuwa nani?"

Mwalimu akavaa miwani. Alimtazama mama yake kwa muda, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba ambacho hakujua kama kipo.

"Alhamisi nitakuja kukuchukua asubuhi," akasema.

"Nitakwenda nikitetemeka."

"Njoo hivyohivyo."

Mumewe naye alisema atakwenda, atakaa nje, na mtu yeyote asimwombe kuingia chumba chochote chenye harufu ya dawa, maana ataanguka na kuwaongezea wagonjwa.

Alhamisi walikwenda. Hospitali ilikuwa ya ghorofa moja, kuta za kijani mpaka usawa wa kiuno na nyeupe kuanzia hapo, na kwenye korido wagonjwa walikaa kwenye benchi wakiwa wamewekewa alama ya kalamu juu ya jicho litakalopasuliwa, wasije wakakosewa. Mama Gundi alichorwa juu ya la kulia. Alimwambia muuguzi kwamba upande mwingine hakuna cha kukosea. Alipopewa joho la kijani, vidole vyake, vile vilivyosifiwa na mkuu wa ghala, vilishindwa kufunga kamba, na akamwachia muuguzi amfungie.

Walimlaza, wakamchoma ganzi pembeni ya jicho, wakamfunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja. Juu yake kukawaka taa. Mambo yale hayakuwa mapya kwake. Taa ileile ya zamani aliikumbuka, na kitambaa, na sauti ya vyuma vinavyowekwa kwenye sinia. Moyo ulimwenda mbio kama cherehani.

"Mama, sasa nakuomba usitikisike," daktari akasema.

"Daktari, mimi natetemeka. Nimejaribu kuacha, siwezi."

Zamani angejikata ulimi kabla ya kusema hivyo mbele ya mtoto mdogo kama yule. Alisubiri kukemewa. Daktari alishusha mikono yake.

"Miguu itetemeke itakavyo," akasema. "Jicho niachie mimi. Sina haraka."

Muuguzi akamshika miguu kupitia shuka, akaibana taratibu. Mama Gundi akatetemeka miguu, na machozi yakamtoka kwenye jicho lile la kushoto, ambalo kuona lilisahau lakini hiyo kazi nyingine lilikuwa bado linaikumbuka. Taa ikawa maji, maji yakawa rangi. Ilikwisha kabla hajaamini kwamba imeanza. Wakamfunga bendeji, wakamlaza wodini, na usiku ule katika giza la pande zote mbili aliwasikia mumewe na binti yake wakinong'ona, kila mmoja akimhimiza mwenzake aende kulala nyumbani, na hakuna aliyekwenda.

Asubuhi daktari alikuja kufungua. Mzee alitoka mbio kusimama koridoni. Mwalimu alibaki, akasimama miguuni pa kitanda mikono nyuma.

Bendeji ikatoka mzunguko kwa mzunguko, kisha pamba. "Fungua polepole," daktari akasema. Mama Gundi hakufungua. Alikaa hivyo, amefumba, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyemhimiza. Kisha akafungua.

Kwanza mwanga, mkali, wa kuumiza. Halafu mstari wa kijani na mweupe ukutani, umenyooka kama ulivyopigwa rula. Halafu uso wa daktari, na kumbe kweli alikuwa msichana wa juzi, ana chunusi kidevuni.

"Vidole vingapi hivi?"

"Vitatu. Na kucha moja imekatika."

Daktari akacheka, na safari hii hakucheka peke yake. Akaandika kwenye karatasi zake, akasema anakwenda kumwambia mzee kabla hajaanguka, akatoka.

Mama Gundi akageukia miguuni pa kitanda.

Hakuwa amemwona binti yake sawasawa kwa miaka. Ukungu ulimwachia umbo na sauti, na vilivyobaki alijazia mwenyewe kutoka zamani. Sasa alimwona. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi. Kulikuwa na mistari miwili kando ya mdomo, mirefu, ya mtu anayeuma meno. Uso ulikuwa mkavu, uso wa kusimama mbele ya darasa, na Mwalimu akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Hongera, Mama. Mungu mkubwa." Mtu mwingine angeridhika na hapo. Lakini jicho lile lilikuwa limefanya kazi maisha yake yote kutafuta mpasuko mdogo kwenye mkanda mrefu, na likauona. Kidevu cha Mwalimu kilikuwa kinacheza. Alikuwa amebana midomo ili kitulie, na kikikataa alibana zaidi, na mikono ile nyuma ya mgongo haikuwekwa pale kwa heshima.

Ilikuwa hivyo siku ile ya mikono mitupu pia, Mama Gundi akawaza. Ilikuwa hivihivi, na mimi jicho nilikuwa nalo.

"Njoo ukae," akamwambia, akasogea kumpa nafasi.

Mwalimu akaja, akakaa ukingoni, mgongo umenyooka.

"Yule mtoto," mama yake akasema. Neno lililomkwama Jumapili bado lilikuwa gumu, lakini alilisukuma. "Ulikuwa umemchagulia jina?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza, ndiyo. Nakuuliza sasa. Aliitwa nani?"

Mwalimu akatazama mlango, akatazama mikono yake, kisha akalitaja. Lilikuwa jina fupi. Halijawahi kutamkwa katika nyumba ile, na mama yake alilirudia baada yake, polepole, ili alishike vizuri. Hapo kidevu kikamshinda Mwalimu. Alianguka kifuani kwa mama yake, miwani ikapinda, akalia kwa sauti, kilio cha kizamani, hata wagonjwa wa vitanda vingine wakainua vichwa vyao vilivyofungwa bendeji na kugeukia upande wao. Mama Gundi akamshika kichwa. Hakumwambia ajikaze.